Kipimo kinasema ubongo hauna tatizo. Basi sonona imekaa wapi?

Kuna jambo linalojirudia kwenye familia nyingi za mjini. Mtu anapoteza hamu ya kula, usingizi unampaa, kazini haendi, ukimuuliza ana nini anajibu hajui. Ndugu wanachanga, anapelekwa kupigwa CT scan ya kichwa, au MRI pale mfuko unaporuhusu. Majibu yanatoka: ubongo hauna tatizo. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mmoja anasema kumbe alikuwa anadeka tu. Mwingine anasema imani imepungua. Na shangazi, ambaye tangu mwanzo alisema haya si mambo ya hospitali, anapata ushahidi aliokuwa akiusubiri.

Kipimo chenyewe hakikukosea. Kinatafuta uvimbe, damu iliyovuja, kiharusi, na hakikukuta kitu. Sonona, yaani huzuni au ubaridi wa moyo unaokaa wiki baada ya wiki na kuzima hamu ya maisha, haiachi alama ya namna hiyo. Hata watafiti wenye mashine bora kuliko zetu hawaioni kwa mtu mmoja mmoja. Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani walilinganisha watu 861 wenye sonona na 948 wasio nayo, wakapima umbo la ubongo, utendaji wake na njia zinazounganisha sehemu zake. Makundi mawili yalipishana kidogo mno: kila kipimo kilifanana kwa kati ya asilimia 87 na 95. Walipojaribu kukisia nani mgonjwa na nani mzima kwa kutumia kipimo kimoja, walipatia kwa asilimia 54 hadi 56. Ukikisia umefumba macho unapata 50.

Je, ubongo hauhusiki? Unahusika sana. Ila tumezoea kutafuta kitu kimoja: kemikali moja iliyopungua, eneo moja lililoharibika, jeni moja yenye kasoro. Miaka 70 ya utafiti imekuwa ikiifunga milango hiyo mmoja baada ya mwingine. Mlango uliochukua muda mrefu zaidi kufungika ni ule wa kemikali, na ndio ambao bado unatangazwa kwenye video fupi za mitandaoni: "sonona ni upungufu wa serotonini." Inafaa tuanze na huo.

Dawa iliyotoka wodi ya kifua kikuu

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko Staten Island, New York, madaktari walikuwa wakijaribu dawa mpya za kifua kikuu. Moja ni isoniazidi, ambayo hadi leo mgonjwa wa TB wa Dodoma au Kisumu anaimeza ndani ya vidonge vyake. Nyingine ni nduguye, iproniazidi. Wagonjwa waliokuwa wamelala wakisubiri siku zao wakaanza kula, kutaniana, kudai waruhusiwe kurudi nyumbani. Magazeti ya Marekani yakatoa picha zao wakicheza dansi wodini, na mapafu bado yana matundu.

Mwanzoni ilidhaniwa ni furaha ya kupona. Lakini mwaka huohuo Ernst Zeller wa Chicago alionyesha kuwa iproniazidi huzuia kimeng'enya kinachovunja baadhi ya kemikali ambazo seli za ubongo hutumia kupelekeana ujumbe, zikiwemo serotonini na noradrenalini. Kimeng'enya kikizuiwa, kemikali hizo hubaki nyingi. Kufikia 1957 Nathan Kline, daktari wa akili wa New York, alikuwa akiitangaza kama dawa ya sonona.

Wakati huohuo Uswisi, katika hospitali ya Münsterlingen, Roland Kuhn alikuwa akiwajaribia wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia na kuamini yasiyokuwepo, kemikali iliyotengenezwa na kampuni ya Geigy. Haikuwatuliza, na wengine walichafuka zaidi. Alipowapa wenye sonona nzito, baada ya muda wakaanza kuamka mapema na kuongea. Hiyo ndiyo imipramini, mama wa kundi la dawa ambalo amitriptilini ya kwenye zahanati zetu imo. (Uchunguzi uliotolewa 2019 ulionyesha kuwa Münsterlingen ilijaribu dawa nyingi kwa wagonjwa ambao hawakuombwa ridhaa. Historia ya dawa za akili ina kurasa za aina hiyo, na si vizuri kuziruka kwa sababu tu dawa ilifaa.) Baadaye Julius Axelrod, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1970, alionyesha kuwa dawa hizi huzuia seli kuinyonya tena noradrenalini iliyokwisha kuitoa.

Ongeza kipande cha tatu: reserpini, dawa ya shinikizo la damu iliyotokana na mmea wa India. Mwaka 1955 maabara ya Bernard Brodie huko Marekani iligundua kuwa inaipunguza serotonini ya ubongo, na baadhi ya waliokuwa wakiimeza walisemekana kuzama katika huzuni. Sasa hesabu ilionekana kukamilika. Dawa inayoongeza kemikali inainua moyo, inayopunguza inaushusha, kwa hiyo sonona ni upungufu wa kemikali. Joseph Schildkraut aliandika hivyo kuhusu noradrenalini mwaka 1965. Alec Coppen wa Uingereza akaja na serotonini miaka miwili baadaye. Schildkraut mwenyewe alionya ndani ya makala yake kwamba maelezo hayo yanarahisisha kupita kiasi hali iliyo ngumu sana. Onyo halikusafiri mbali. Desemba 1987 fluoksetini, dawa ya sonona inayolenga serotonini, iliruhusiwa Marekani kwa jina la Prozac, matangazo yakafuata, na dhana ya maabara ikageuka kuwa jambo linalojulikana na kila mtu.

Kasoro ya hesabu ile inaonekana ukiitazama kwa utulivu. Pombe humpa mtu mwenye haya ulimi wa kuongea, lakini hakuna anayesema haya ni upungufu wa pombe mwilini. Kinachotuliza dalili si lazima kiwe ndicho kilichopungua.

Na ushahidi wa moja kwa moja haukujitokeza. Watu wenye afya walipopewa mlo unaoshusha serotonini kwa kuwanyima malighafi yake, tiriptofani, kwa kawaida hawakupata sonona. Walioathirika ni baadhi ya wale waliokwisha kuugua na kupata nafuu kwa dawa za serotonini, jambo linalofikirisha, maana linaonyesha kwamba kemikali hiyo ina nafasi yake bila kuwa chanzo. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa chuo cha University College London na wenzake walikusanya tafiti za miongo kadhaa na kuhitimisha kuwa hakuna ushahidi thabiti wa serotonini kupungua kwa wenye sonona. Wataalamu wengine walimpinga katika namna alivyozipima tafiti hizo, lakini hata wapinzani wake wengi walisema wazo la "upungufu" walikwisha kuliacha zamani.

Hapa watu wengi huruka hadi hitimisho baya: basi dawa hazifanyi kazi, tumedanganywa. Hapana. Kama dawa inafanya kazi ni swali moja, na inafanyaje kazi ni swali jingine. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2018, wa majaribio 522 yenye washiriki 116,477, ulikuta dawa zote 21 zilizopimwa zinawasaidia watu wazima kuliko kidonge kitupu. Tofauti kwa wastani si kubwa. Kuna anayeinuka kabisa, kuna asiyeona kitu. Lakini ipo.

Kwa nini nafuu huchelewa

Fumbo lililowasumbua wanasayansi zaidi ni la muda. Ukimeza fluoksetini, serotonini kwenye nafasi kati ya seli na seli huanza kubadilika ndani ya saa chache. Moyo hauinuki hadi wiki mbili, nne, wakati mwingine sita. Kama shida ingekuwa kujaza kilichopungua, mgonjwa angejisikia vizuri jioni ileile. Ni lazima kuna kitu kinachoendelea katikati, cha polepole.

Kitu hicho, kwa tunavyojua sasa, ni ukuaji. Seli za ubongo zina matawi, na kwenye matawi kuna vichomozi vidogo ambavyo seli nyingine hujishikiza. Ndipo ujumbe unapopita. Wanyama wa maabara wakiwekwa kwenye msongo kwa wiki kadhaa, matawi hupungua katika hipokampasi, sehemu inayoshughulika na kumbukumbu, na katika gamba la mbele ya ubongo, tunalotumia kupanga na kujizuia. Katika amigdala, inayoshika hofu na tahadhari, matawi huongezeka. Yaani ubongo unajijenga upya kwa ajili ya hatari, ukipunguza kwingine.

Kinachohusika ni homoni ya msongo, kortisoli, inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo. Kwa kawaida hipokampasi ni mojawapo ya sehemu zinazouambia mwili "yatosha" na kortisoli ikashuka. Hipokampasi ikidhoofishwa na kortisoli iliyokaa juu muda mrefu, breki yenyewe inalegea. Sehemu ya wenye sonona, hasa walio hoi zaidi, hukutwa na kortisoli isiyoshuka inavyopaswa. Mwaka 1996 Yvette Sheline alipiga picha ubongo wa wanawake waliougua mara kwa mara akakuta hipokampasi zao ni ndogo. Kazi kubwa zaidi ya kimataifa, iliyohusisha wagonjwa 1,728 na watu 7,199 wasio na sonona, ilithibitisha tofauti hiyo, ila ni ya takribani asilimia 1.2 tu kwa wastani. Ndiyo maana daktari wa mionzi hawezi kuiona kwenye filamu ya mtu mmoja: watu wazima kabisa hupishana zaidi ya hapo.

Dawa za kawaida huonekana kuchochea protini iitwayo BDNF, inayozilisha seli na kuzisaidia kuotesha matawi. Ukuaji huo unahitaji wiki.

Kisha ikaja ketamini na kuvuruga mambo. Ketamini si ngeni kwetu. Ni dawa ya usingizi ambayo hospitali nyingi za wilaya Afrika huitegemea chumba cha upasuaji. Mwaka 2000 kikundi cha Chuo Kikuu cha Yale kilichapisha jaribio dogo, la wagonjwa saba, waliopewa dozi ya chini kwa dripu. Nafuu ilionekana ndani ya siku tatu. Mwaka 2006 Carlos Zarate na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walilirudia kwa wagonjwa 18 ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindikana. Baadhi walianza kupata unafuu ndani ya saa mbili, na siku iliyofuata asilimia 71 walikuwa na nafuu kubwa. Ketamini haianzii kwenye serotonini. Inaziba vipokezi vya glutameti, kemikali inayotumika karibu kila kona ya ubongo.

Jaribio lililonifungua macho zaidi ni la panya, la mwaka 2019. Watafiti waliwatazama panya wakiwa hai, kwa hadubini, kwenye gamba la mbele la ubongo. Msongo ulipokaa, vichomozi vilipotea. Walipopewa ketamini, tabia yao ilibadilika ndani ya saa tatu, waliacha kukata tamaa, lakini vichomozi vipya vilikuwa bado havijaota. Vilianza kuonekana saa 12 hadi 24 baadaye. Watafiti wakatumia mwanga kuviyeyusha vile vipya tu. Nafuu haikudumu. Kwa hiyo kuota kwa vichomozi hakukuleta nafuu ile ya kwanza, ila bila vichomozi nafuu haina pa kukaa. Kwa binadamu pia dozi moja huisha nguvu ndani ya takribani wiki moja, na dawa yenyewe ina hatari za uraibu na za kibofu. Si ya kununua uchochoroni.

Waya kwenye eneo namba 25

Chini kabisa ya gamba la mbele, karibu na katikati, kuna kipande ambacho wanaanatomia wamekipa namba 25. Helen Mayberg, daktari wa mfumo wa neva, alikifuatilia kwa miaka mingi. Mwaka 1999 alionyesha kuwa mtu mzima akikumbuka jambo la kumhuzunisha, eneo hili huchemka, na maeneo ya juu ya kufikiri na kuelekeza umakini hupoa. Mgonjwa wa sonona akipona, mwelekeo unageuka: 25 hupoa, yale ya juu huamka.

Ukitazama 25 imeungana na wapi, utaelewa kwa nini sonona si huzuni peke yake. Ina njia za kwenda kwenye haipothalamasi, inayosimamia usingizi, njaa na hamu ya tendo la ndoa, kwenye amigdala, kwenye sehemu zinazotupa raha ya kupata kitu. Mgonjwa anayelalamika kichwa, moyo kwenda mbio, mwili kuishiwa nguvu, na ambaye hataji neno "huzuni" hata mara moja, hatungi dalili. Madaktari wa kwetu wanamjua sana mgonjwa huyu.

Mwaka 2005 Mayberg na daktari wa upasuaji Andres Lozano wa Toronto walieleza wagonjwa sita ambao dawa, tiba ya mazungumzo na hata tiba ya mshtuko wa umeme vilishindwa. Waliwatia waya mwembamba hadi eneo 25, wakiwa macho, kisha umeme mdogo ukawashwa. Wengine walieleza palepale utulivu wa ghafla, utupu uliotoweka, chumba kuonekana chenye nuru zaidi. Baada ya miezi sita wanne kati ya sita walikuwa wanaendelea vizuri.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Jaribio kubwa lililofuata, la watu 90, lililinganisha umeme uliowashwa na waya uliotiwa bila kuwashwa, na baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti ya maana. Lilisitishwa. Ajabu ni kwamba waliobaki na waya kwa miaka miwili, umeme ukiwa umewashwa kwa wote, karibu nusu walipata nafuu kubwa. Mimi nasoma hapo kwamba eneo ni sahihi kwa baadhi ya watu, na kwamba hatujui kuwachagua.

Jina moja juu ya mambo mengi

Kuchagua: hapo ndipo utafiti umekwama, na sababu iko kwenye jina lenyewe la ugonjwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unataja dalili tisa. Ukiwa nazo tano kwa wiki mbili, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa raha, unahesabiwa. Mmoja anaweza kuwa halali na hali, mwingine analala na kula kupita kiasi, na wote wana ugonjwa uleule kwenye faili. Mwaka 2015 Eiko Fried na Randolph Nesse walichambua wagonjwa 3,703 wa utafiti mmoja wa Marekani wakakuta mchanganyiko 1,030 tofauti wa dalili. Ukiwapiga picha za ubongo hao wote na kuchukua wastani, unategemea kuona nini?

Mfano mzuri ni kinga ya mwili. Madaktari wa ini walijua siku nyingi kwamba interferoni, dawa inayochochea kinga iliyotumika kutibu homa ya ini aina ya C, huwatia sonona baadhi ya wagonjwa ambao hawakuwahi kuwa nayo, ndani ya wiki chache. Kinga ikichochewa, ubongo unapata habari, na mtu anajitenga, anachoka, hatamani kitu. Basi watafiti wa Atlanta wakajaribu kinyume chake: mwaka 2013 waliwapa watu 60 wenye sonona sugu infliximabu, dawa inayozima kinga ya namna hiyo. Kwa wastani haikushinda dripu tupu. Lakini wale ambao damu yao ilionyesha kiwango cha juu cha CRP, protini inayopanda kinga ikichochewa, walielekea kufaidika, na wenye kiwango cha chini walifanya vibaya kuliko waliopewa tupu. Wastani ulificha pande zote mbili.

Kwa jeni nitapita haraka. Tafiti za mapacha zinakadiria mchango wa urithi kuwa karibu asilimia 37. Mwaka 2003 jeni moja ya serotonini ilisifiwa kuwa ndiyo inayomfanya mtu avunjike na msongo. Mwaka 2019 ilipimwa pamoja na wenzake 17 kwa mamia ya maelfu ya watu, na hakuna iliyofua dafu. Sasa yanatajwa maeneo karibu 700 ya vinasaba, kila moja likisukuma kidogo sana. Sehemu kubwa ya damu iliyopimwa ni ya watu wenye asili ya Ulaya, hivyo anayekuuzia kipimo cha jeni za sonona Nairobi au Dar es Salaam leo anakuuzia matumaini.

Kuna wanaosikia "biolojia" wakadhani maana yake ni kidonge tu. Kusini-magharibi mwa Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, ambako UKIMWI ulikuwa umeleta msiba karibu kila nyumba, watafiti waliendesha jaribio lililochapishwa 2003. Vilikuwa vijiji 30. Katika baadhi, watu wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki, dakika 90, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wasio matabibu waliofunzwa kwa wiki mbili. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha. Mwanzoni wengi mno wa pande zote mbili walikuwa na sonona. Mwishoni ilikuwa imebaki kwa asilimia 6.5 ya waliokaa vikundini, na asilimia 54.7 ya wa vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Hakuna aliyepigwa picha ya ubongo. Lakini ubongo unaojijenga kwa msongo ni uleule unaojijenga kwa kusikilizwa, na mazungumzo hayapiti pengine popote.

Kwa hiyo ukienda kliniki leo na daktari hakuandikii CT scan, usidhani amekupuuza. Atakuuliza maswali, mara nyingi yale tisa ambayo yana tafsiri ya Kiswahili, na huenda akapima damu kuangalia tezi ya shingo na upungufu wa damu, maana hivyo navyo huiga sonona. Akikuanzishia dawa, wiki za mwanzo madhara madogo kama kichefuchefu hutangulia na nafuu hufuata nyuma. Kijana wa chini ya miaka 25 huhitaji mtu wa karibu wa kumtazama wakati huo, kwa sababu mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kabla ya kupungua. Yakija, kwa umri wowote, ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Na ukipata nafuu usiviache vidonge ghafla. Kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu na hofu vinavyofuata huwafanya wengi wadhani ugonjwa umerudi, kumbe ni mwili umenyimwa dawa uliyoizoea. Hupunguzwa kidogo kidogo, na daktari akijua.